Mguu wa Kushoto wa Mwalimu

Watu wengi wa Kuze, mtaa wetu wa Mombasa, walipanda gari la Mwalimu kabla hawajazaliwa, na mimi ni mmoja wao. Mama alishikwa na uchungu mchana wa jua kali, akalazwa kiti cha nyuma, na njia nzima ya hospitali Mwalimu alikuwa akimkataza kupiga kelele kama alivyowakataza watoto darasani. "Pumua, usiseme," alimwambia. Nadhani ndiyo sababu nikazaliwa na maneno mengi. Yale ambayo Mama hakuruhusiwa kuyasema siku ile niliyachukua mimi.

Mwalimu alikuwa jirani yetu, mlango kwa mlango. Alinisomesha darasa la tatu, akanisomesha tena nyumbani bila kuombwa, na kwa miaka yote niliyomjua sikumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Wakubwa kwa wadogo walimwita Mwalimu. Hata marehemu mumewe alimwita Mwalimu, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajamaliza hesabu alizopewa.

Alikuwa mwanamke mfupi. Akiketi kwenye usukani alikalia mto uliokunjwa, mikono ya buibui ameipandisha mpaka viwikoni, miwani imefungwa kamba shingoni. Honi hakuipiga. Alisema honi ni ya watu wasiojua kuzungumza. Akizuiwa njia na kijana aliyeegesha pikipiki katikati ya kichochoro, alishusha kioo, akatoa kichwa, akauliza kwa utulivu, "Baba, hapa ni kwenu?" Mara nyingine palikuwa ni kwao kweli, lakini pikipiki iliondolewa.

Alikuwa na misemo yake, na mingi haikufaa pale alipoisemea. "Haraka ya nini, kaburi halihami," aliwaambia wanaume aliowapakia kwenda kuzika, nao wamechelewa, wanatazama saa. Usengenyaji aliuharamisha kabisa barazani kwake, lakini ndani ya gari habari za mtaa mzima zilisemwa, na yeye ndiye aliyeanza. Nilipomuuliza tofauti ni nini, alinijibu kwamba barazani watu wamekaa, na ndani ya gari watu wako safarini, na msafiri ana ruhusa zake.

Darasani ukisema "mato" badala ya "macho" ulisimama mpaka kengele ilie. Nyumbani kwake, akikasirika au akiogopa, Kimvita kilimtoka chote, na sisi watoto tulijua kwamba Mwalimu akisema "njoo hapa" ni hesabu tu, lakini akisema "ndoo hapa" umekwisha. Sukari kwenye chai aliitia kwa mkono mzito, na chumvi kwa mkono mwepesi, na mgeni aliyeomba chumvi zaidi aliulizwa kama kwao kuna bahari.

Gari alilokuwa nalo mwishoni lilikuwa refu, la kijivu, la kubeba familia, lenye mlango mkubwa nyuma. Mumewe alilinunua mwaka mmoja kabla hajafa. Halikuwa na klachi, na Mwalimu, aliyezoea magari ya gia za mkono maisha yake yote, alilalamika kwamba mguu wake wa kushoto sasa hauna kazi. Lilikuwa ndilo gari pekee katika kichochoro chetu. Kwa hiyo halikuwa lake.

Namaanisha hivyo hasa. Lilikuwa la mwenye uchungu wa uzazi, la mwenye homa, la bibi harusi, la mwenye gunia la mkaa. Mwaka mmoja lilipakia mbuzi wa Idi, akakaa kiti cha nyuma kama abiria aliyelipa, akatafuna kitambaa cha kiti mpaka sponji ikaonekana. Mwalimu hakusema kitu kwa mwenye mbuzi. Alikwenda akakishona kile kiti mwenyewe, kwa uzi mweusi, na ule mshono ukabaki pale mpaka mwisho.

Na hapa ndipo nilipokuwa simwelewi. Mwanamke huyu darasani hakuwa na neno jingine ila hapana. Hapana, si hivyo. Hapana, rudia. Lakini mtaani, mtu akibisha mlango na kusema, "Mwalimu, tuna shida kidogo," lile neno lilimpotea. Nilimwona akitoka na homa, kichwa amekifunga leso, kwenda kumpeleka kijana wa watu posa. Kumwazima mtu gari ndiko alikokataa. "Gari ni kama mswaki," alisema. Basi kila aliyetaka gari ilibidi amtake na Mwalimu, na watu wakamtaka, kwa sababu mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi jirani zake tulikuwa hodari wa kumpa usufi wetu aubebe.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Nassir, aliye Nairobi na kazi nzuri ya ofisini na nyumba ya ghorofani. Nassir ni mtu mwema, nalisema hilo mapema ili asije akaonekana vingine. Baba yake alipokufa alitaka mama yake ahamie kwake. Mwalimu akakataa. Walivutana siku zote za matanga, mpaka wakakubaliana mbele ya watu, na mimi nilikuwepo, nimebeba sinia la kahawa.

"Maadamu wajiendesha mwenyewe, Mama, sitakuuliza," Nassir alisema. "Lakini siku utakapoliacha gari, nakuja kukuchukua."

"Haya," akasema Mwalimu. "Wote wamesikia."

Alikwenda Nairobi mara moja tu kumtembelea, akarudi kabla ya muda wake. Alituambia kule juu hakuna anayebisha mlango. Watu wana kengele, na kengele yenyewe haikulia. Alikaa dirishani akitazama paa za mabati akafikiri amefungwa. Alilisema hilo akicheka, huku akikaza kamba ya miwani.

Mimi nauza spea za magari Mwembe Tayari, katika duka la Mhindi mmoja mzee, hatua chache kutoka yanakopakilia mabasi ya bara. Siku nzima nasikiliza watu wakiniigizia sauti za magari yao. Huyu yake inalia kama paka, huyu yake inakohoa. Nimesimama nyuma ya kaunta ile miaka mingi na siku hizi mtu akiingia tu namjua kama ni plagi au ni beringi. Najisifu, lakini najua ninachojisifia.

Basi Mwalimu aliponijia jioni moja na kusema, "Zuhura, gari langu li mgonjwa," nilifurahi kama daktari aliyepata mgonjwa wa kwao. Ila niliona kitu usoni mwake ambacho sikukielewa. Yeye pia alikuwa amefurahi.

"Lina nini?"

"Nikikanyaga breki, pedali yanisukuma mguu. Yasukuma, yarudi, yasukuma. Kama moyo wa mtu aliyekimbia."

"Na usukani watetemeka?"

"Watetemeka."

"Ni diski za mbele," nikasema palepale. Nikamweleza kwamba nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna sahani ya chuma inayozunguka nalo, na breki kazi yake ni kuibana. Sahani hiyo ikipinda hata unywele, mguu wa dereva utajua. Ingekuwa ni breki za nyuma, usukani ungetulia na kiti ndicho kingetikisika.

"Kwa hiyo gari limekwisha," akasema.

"Limekwisha nini? Twabadilisha diski."

"Ah," akasema.

Nilimpeleka kwa Mutua, fundi Mkamba mwenye gereji yake upande wa Makupa, mtu wa kanisa, mwaminifu mpaka anachosha. Aliinua gari kwa jeki, akavua magurudumu, akaniita nitazame. Diski zilikuwa na madoa ya buluu, rangi ambayo chuma hupata kikichomwa sana.

"Hizi zimeungua," akasema Mutua. "Kitu inazibana saa zote. Nadhani pistoni za breki zimekwama, hazirudi."

Nilikubali. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi hapa kisiwani, chumvi ya bahari huingia kila mahali. Mutua akazisafisha zile pistoni, ingawa alikiri kwamba hakuona kutu ya maana, tukatia diski mpya na pedi mpya za kuzibana. Tukalijaribu asubuhi kwenye barabara ya Mama Ngina, pale penye nafasi ya kukimbia kidogo. Mutua akiendesha, pedali ilitulia tuli. Mwalimu alikuwa kiti cha nyuma. Nilimgeukia nipate shukrani, akanipa, lakini kwa sauti ya mtu aliyeambiwa likizo imefutwa.

Baada ya muda pedali ikaanza tena.

Sasa mtaa mzima uliingia kazini. Mmoja alisema ni nati za magurudumu, watu wa pancha hukaza upande mmoja kuliko mwingine. Akaja kijana wake akazilegeza zote, akazikaza upya kwa kupishana, na Mwalimu akapelekewa habari njema. Mwingine alimwombea dua. Mama yangu, asiyejua breki wala gia, alisema ni husuda, akataka gari lifukizwe. Mutua akatoa diski zile mpya na kuzipeleka zikachongwe kwa mashine, akapima kitovu cha gurudumu kama kimepinda, hakikupinda. Pedi, alisema, zimekwisha upesi ajabu, kama za teksi. Kila mara pedali ilitulia, Mwalimu akashukuru, watu wakabisha mlango kwa shida zao, na baada ya muda ikaanza tena. Mimi nilikuwa na ari sana. Kitu kidogo kama pedali hakiwezi kunishinda mimi.

Kila alipokwenda gereji, Mwalimu alimuuliza Mutua swali lilelile.

"Niambie kweli, baba. Limekwisha?"

"Mwalimu, hii gari itatuzika sisi wote," Mutua alimjibu, akidhani anamfariji.

Mama ana kliniki yake ya mguu Kizingo, kwa daktari mmoja mwenye nyumba ya bustani kubwa. Siku zote Mama hukaa mbele na Mwalimu, na mimi nikiwa na nafasi hukaa nyuma. Siku hiyo mguu ulikuwa umemvimba, akataka kuunyoosha kiti cha nyuma, kwa hiyo nikakaa mbele, upande wa kushoto wa Mwalimu. Sikuwa nimekaa hapo tangu mumewe afe.

Tulitoka Kuze taratibu. Tulipofika penye njia pana nikasikia harufu ya chuma moto, nikatazama chini kama ninavyofanya kazini, na pindo la buibui lilikuwa limepanda kidogo. Mguu wake wa kulia ulikuwa kwenye mafuta. Wa kushoto ulikuwa kwenye breki. Haukuwa umepumzika pale, ulikuwa umekanyaga. Alikuwa akilisukuma gari na kulizuia wakati huohuo, kama mtu anayemvuta mbuzi huku na mwenzake amemshika mkia.

Niliinua macho nimwambie, ndipo nikaona na shingo. Alikuwa akiendesha uso ameugeuza kushoto, kama kuku anayetazama nafaka kwa jicho moja. Na hata hivyo, pale Makadara, mkokoteni wa maji ulipotoka upande wangu, hakuuona. Mimi niliuona. Mimi niliona na mikono ya kijana aliyeusukuma ilivyoachia mpini.

"Mwalimu!"

Gari lilisimama papo hapo, kwa sababu mguu ulikuwa tayari pale. Madumu mawili yalianguka. Kijana alisimama mbele ya boneti, jasho linamtoka.

"Mama, waniua," akasema.

"Na wewe watokaje bila kutazama?" Mwalimu alimwuliza kutoka dirishani, kwa ile sauti yake ya darasani, na kijana akaomba radhi. Lakini alipoondoka aliendesha polepole kuliko mkokoteni wenyewe, mpaka Kizingo. Mama nyuma alikuwa akisoma Ayatul Kursiyu.

Daktari alipomwingiza Mama ndani, sisi tulibaki garini. Kizingo ni kimya. Ukuta mrefu, geti, mlinzi anasikiliza redio, majani yanafagiliwa. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanatoa joto mpaka nililisikia miguuni.

"Gari halina ugonjwa," nikamwambia. "Ni mguu wako, Mwalimu. Waziunguza diski kwa mguu."

Nilitarajia hapana, si hivyo, rudia. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa.

"Najua," akasema.

"Wajua?"

"Naogopa, Zuhura. Kila nikitia ufunguo naogopa. Mguu wenyewe waenda hapo, siuambii mimi. Naona nikiutoa nitamuua mtoto wa mtu."

"Basi acha kuendesha."

"Nikiacha, Nassir yuwaja. Wewe ulikuwepo na sinia lako. Siku nitakapoliacha gari. Nami sitaki kwenda kufia dirishani." Akanitazama. "Lakini alisema siku nitakapoliacha mimi. Hakusema siku gari litakaponiacha. Gari likifa lenyewe, sijashindwa. Nitakwenda kwa tuktuk kama watu, nitakaa kwangu, hakuna wa kunibishia mlango kwa safari. Kila nikienda kwa huyo fundi wako namwomba Mungu aniambie limekwisha. Na kila mara wewe waniletea vyuma vipya."

Nilikasirika. Nilikasirika na Mutua na uaminifu wake, na mtaa na dua zao, na Nassir na ahadi yake, na zaidi nilijikasirikia mimi na kile kichwa changu cha kujua beringi kwa sauti. Tulikuwa tumemzungushia ukuta, kila mtu ameleta tofali lake kwa mapenzi, na yeye yuko katikati anatushukuru.

"Na mato, Mwalimu?" nikamwuliza. Kimvita kilinitoka mimi safari hii. "Ule mkokoteni hukuuona."

"Mato yangu mazima," akasema, akageuka akatazama geti.

Nilikwenda kwa Mutua kesho yake nikamwomba aseme gari limekufa. Sikumweleza sababu. Alikataa, na sikumlaumu.

"Nikisema imekufa, na kesho fundi mwingine aiwashe, mimi nitakula wapi?" aliniuliza. "Wewe unataka jina langu liende?"

Basi nikafanya mimi. Pedali ilipoanza tena, na ilianza, Mwalimu akaliegesha gari karibu na msikiti, na mtaa ukanijia dukani kuuliza dawa. Niliwaambia diski za gari lile haziji tena. Zimekwisha Mombasa, zimekwisha Nairobi, na za kuokoteza si salama. Nilisema kwa sura ya kazini, na hakuna aliyenibishia, kwa kuwa kwa mambo ya spea mimi ndiye mtu wao. Mama alilia kidogo kwa ajili ya gari. Watu walipita wakaligusa boneti.

Sijapata kumwona Mwalimu vile nilivyomwona miezi ile. Alitembea. Alitoka kwenda sokoni kwa miguu, akishika ukuta upande wa kushoto, akisimama kila baraza kuuliza habari. Alianza kuwasomesha tena watoto wa jirani, na nikawasikia wakisimamishwa. Alikwenda na Mama kliniki kwa tuktuk, wamebanana, wakirudi wanacheka kitu ambacho hawakutaka kutuambia. Watu walipobisha mlango na shida zao alifungua mikono, akasema kwa huzuni ya uongo iliyomkaa vizuri, "Ningekwenda, mwanangu, lakini gari ndiyo hivyo." Lile neno hapana alikuwa amelipata hatimaye, ingawa lilitoka kwa jina la gari. Usiku alilala, alinambia. Zamani alikuwa akiendesha mpaka ndotoni.

Nilifikiri tumeshinda. Nilikuwa nimesahau kwamba kichochoro chetu kina kundi la simu, na kwamba watu wanaompenda Mwalimu hawajui kukaa na mapenzi yao kimya. Kuna aliyempigia Nassir. Hakupiga kwa ubaya. Alimwambia mama yake amebaki bila gari, spea hazipatikani, anapanda tuktuk mtu mzima kama yule, na mtaa mzima unasikitika. Alimwambia pia, na hili najua lilisemwa kwa kumtetea Mwalimu, kwamba si yeye aliyeliacha gari.

Nassir alikuja Ijumaa, baada ya sala. Hakuja kumchukua mama yake. Alikuja na gari.

Lilikuwa jeupe, la familia, jipya kuliko chochote kilichowahi kuingia kichochoroni kwetu, na aliliingiza polepole mno, vijana wawili wakimwongoza kwa mikono, vioo vya ubavuni vimekunjwa. Wanawake walitoka na vigelegele. Mama alifika na chetezo, akafukiza ubani ndani mpaka kiti cha mwisho. Mtu alinyunyiza marashi kwenye boneti. Halua ilikuja, sikujua kutoka wapi. Watoto walipanda ngazi za nyumba ili waone, na wakubwa wakasimama wamejipanga kuta zote mbili, kwa kuwa hakuna nafasi nyingine ya kusimama.

Mwalimu alikuwa mlangoni kwake na leso begani. Nassir alimwendea, akambusu mkono, akauweka ufunguo katika kile kiganja alichokibusu.

"Mama, hutateseka tena," akasema. Macho yake yalikuwa na machozi. "Ahadi ni ahadi. Nilisema maadamu wajiendesha mwenyewe, basi ujiendeshe."

Mwalimu alimtazama mwanawe. Ninalikumbuka jicho hilo kwa sababu halikuwa na hasira hata chembe. Alimpenda sana. Kisha alitutazama sisi, kuta mbili za watu, nyuso zote zimechangamka kwa ajili yake. Nilitaka aseme. Nilitaka niseme mimi, na mdomo wangu wote huu haukufunguka, kwa kuwa sikuwa na haki ya kumfungashia virago vya Nairobi mbele ya mtaa.

"Mungu akubariki, mwanangu," akasema. "Mungu awabariki nyote."

"Tuzungushe, Mwalimu," mtu akapaza sauti, na vigelegele vikaanza upya.

Alipandisha mikono ya buibui. Alileta mto wake kutoka ndani, akaukunja, akauketia. Nassir alikuwa tayari ameshafungua mlango wa mbele na kukaa, anamwonyesha vitufe.

"Toka, Nassir," Mwalimu akamwambia. "Kaa nyuma."

"Mama, nataka nikuonyeshe..."

"Wewe mgeni, kaa nyuma upumzike." Akanitafuta katika watu. Ilimchukua muda kunipata, na nilikuwa nimesimama karibu tu, upande wake wa kushoto. "Zuhura. Ndoo hapa. Ndoo ukae mbele."

Nikaingia, nikafunga mlango. Ndani mlikuwa na ubani na harufu ya plastiki mpya. Nassir nyuma alikuwa akiwapungia watu mkono. Mwalimu alitia ufunguo, gari likanguruma kidogo likatulia, na mguu wake wa kushoto ukatoka chini ya pindo, ukaenda penyewe mpaka kwenye breki, ukakaa. Uso wake ulitazama mbele, unawatabasamia watu. Hakunigeukia. Alisema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, ndogo, ya mtoto aliyesimamishwa darasani, na ilikuwa ya mimi peke yangu.

"Nitazamie kushoto," akasema. "Huko sioni kitu."

Gari likaanza kwenda. Nikageuza uso dirishani.

"Ukuta," nikamwambia polepole. "Baraza. Watoto wawili, wamesimama. Pita, Mwalimu. Ukuta."